Mtoto mwenye kipawa katika darasa la watoto tisini: namna ya kumtambua na kumpa kazi inayomfaa

Katika shule nyingi za msingi za Uganda mtoto mwenye kipawa hutambuliwa kwa njia moja tu: namba yake kwenye ripoti ya mwisho wa muhula. Njia hiyo huwapata baadhi na kuwapoteza wengi. Humpoteza anayekosa shule kila siku ya soko, anayejua hesabu lakini hakuelewa Kiingereza cha swali, na aliyechoshwa na mazoezi yaleyale hadi akaacha kuandika. Hata yule aliyepatikana hapati kitu. Anapigiwa makofi paredi, kisha anarudi kukaa akingoja wenzake wamalize.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa shule ya kawaida ya UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote), isiyo na mwanasaikolojia wala fedha za ziada. UPE ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, na madarasa makubwa yamebaki nasi. Kwa hiyo kila hatua hapa imepangwa kwa darasa la watoto 90 na kipindi cha dakika 40. Msimamo wetu ni huu: anzeni na kazi, jina la "mwenye kipawa" lije baadaye, au lisije kabisa. Kazi ngumu iliyo nzuri ikiwekwa mbele ya darasa zima, wenyewe watajitokeza.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnamtafuta nani

Fanyeni kikao kimoja cha walimu, saa moja inatosha, mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Kila mwalimu aandike majina matatu ya watoto anaoona wana akili zaidi, na sababu moja kwa kila jina. Someni sababu hizo kwa sauti. Mtashangaa jinsi zinavyotofautiana: huyu ataandika "anajibu haraka", yule "ana adabu", mwingine "mwandiko wake safi".

Hilo lina mizizi ndani ya jamii. Miaka ya 1970 mtafiti Mallory Wober alichunguza Baganda, watu wa Buganda, wanamaanisha nini wanaposema mtu ana akili, akakuta kwamba wengi waliihusisha akili na utulivu, uangalifu na kutokuwa na pupa. Mtihani wa shule unadai kinyume chake: maswali mengi, muda mchache. Basi mtoto aliyelelewa kufikiri kabla ya kunena anaweza kuonekana mzito darasani, hali nyumbani ndiye anayetumwa kwenye mambo mazito.

Ufafanuzi unaosaidia walimu kazini ni ule wa Joseph Renzulli wa Marekani, wa mwaka 1978. Alisema tutafute mahali vitu vitatu vinapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na bidii ya kushikilia kazi moja hadi iishe. Tazameni kwamba hakusema uwezo wa kipekee kupita wote. Mtoto wa kumi na tano kwa alama, anayetengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu na kulirekebisha wiki nzima mpaka lipinde kona, anastahili kutazamwa kuliko wa kwanza anayekariri.

Hatua ya 2: Wekeni chambo mbele ya darasa zima

Chambo ni swali ambalo kila mtoto anaweza kulianza, lakini lina kina kisicho na mwisho wa karibu. Panga vinne katika wiki sita za kwanza, vya masomo tofauti. Hiki hapa kimoja, kwa P4 hadi P6 (darasa la nne hadi la sita).

Gawa darasa katika makundi ya watoto sita: makundi 15. Kila kundi lipate vijiwe 60, jumla 900. Watoto wenyewe huviokota asubuhi moja. Vizibo vya soda au maharagwe pia yanafaa. Panga chini kijiwe 1, chini yake 2, chini yake 3, pembetatu ikijengeka. Kisha uliza, kwa lugha wanayoielewa zaidi: pembetatu ya mistari 4 inakula vijiwe vingapi? Ya mistari 10? Ya mistari 100?

Mistari 4 ni vijiwe 10, kila kundi litapata. Mistari 10 ni 55, na hapo njia zinaanza kuachana. Wengi watapanga vyote na kuhesabu kimoja kimoja. Wachache watajumlisha 1 na 2 na 3 hadi 10 bila kupanga. Mmoja au wawili watafanya jambo jingine: watachora pembetatu ya pili, waigeuze juu chini, waibandike ubavuni mwa ya kwanza, waone mistari 10 yenye vijiwe 11 kila mmoja, yaani 110, nusu yake 55. Mtoto wa namna hiyo haogopi mistari 100. Atakwambia ni 100 mara 101, gawa kwa mbili: 5,050.

Usifundishe njia. Ukiifundisha, umeua kipimo. Tembea kati ya makundi ukiwa na daftari, na uandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema. "Ana akili sana" haimsaidii mtu yeyote mwaka ujao. "Alikataa kupanga vijiwe, akasema tuchore nyingine iliyogeuka" inamsaidia. Kosa la kawaida ni kuandika jina la mtoto aliyelitangaza jibu la kundi. Mara nyingi aliyeligundua ni mwingine, na mwenye sauti kubwa amelibeba. Uliza kila kundi: nani aliona kwanza?

Chambo cha pili ni omweso. Ubao una mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Mashimo yakichimbwa ardhini chini ya mwembe, gharama ni sifuri. Usitazame nani anashinda, kwani aliyecheza na babu yake tangu utotoni atamshinda mgeni. Simamisha mchezo katikati na uulize: ukianza kusambaza kutoka shimo hili, kete ya mwisho itaangukia wapi, na mwenzako atafanya nini? Anayeona mbele zamu mbili au tatu bila kugusa kete, muandike.

Vingine viwili viwe vya lugha na vya sayansi: kumalizia hadithi iliyokatwa mahali pagumu, kwa mfano, au kubuni njia ya kupima mvua kwa chupa ya plastiki na kueleza kwa nini kipimo cha kundi moja kimetofautiana na cha jingine.

Hatua ya 3: Ongezeni macho

Mwalimu peke yake haoni kila kitu. Waulizeni wenzake wa darasani, lakini msiulize "nani ana akili", maana watataja namba moja wa ripoti. Ulizeni mambo ya maisha. Nani angetengeneza mpira wa majani ya migomba unaodumu hadi mwisho wa wiki? Mchezo mpya ukibuniwa, kwa kawaida umebuniwa na nani? Mkigombana kuhusu haki ya jambo, mnamwendea nani? Jina likirudi mara kumi kwenye majibu ya swali moja, lichukueni kwa uzito.

Mzazi muulizeni siku ya mkutano, kwa mdomo, kwa sababu fomu ya kuandika huwaacha nje wazazi wengi. Swali moja linatosha: mtoto huyu anafanya nini nyumbani ambacho wenzake wa rika hawafanyi? Mtoto anayemfasiria mama yake kwenye kituo cha afya katika lugha tatu, au anayejua hesabu ya chenji kuliko mwenye kibanda, shule huenda haijawahi kumjua hivyo.

Hatua ya 4: Watafuteni waliofichwa

Hapa ndipo shule nyingi hushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Lugha kwanza. Tangu mtaala wa 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 ni Kiingereza. Mtoto aliyeshuka ghafla P4 hajapoteza akili; amevuka mto bila daraja. Linganisha alama zake za P3 na za P4, na umpe chambo cha hesabu kwa lugha yake kabla ya kumweka kwenye kundi la wazito.

Hali ni ngumu zaidi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na kwingineko ambako kuna watoto wa Kikongomani wanaoongea Kiswahili. Mtoto wa miaka 12 aliyesoma kwa Kifaransa anapangwa P3 kwa sababu hajui Kiingereza, na hapo anakaa akisikiliza hesabu alizomaliza miaka mitatu iliyopita. Mpe mtihani wa hesabu tupu, namba bila maneno, maswali 20 ya kiwango cha P3 hadi P6, na umweleze maelekezo kwa Kiswahili. Unaposahihisha, ujue alivyofundishwa kuandika. Kwake desimali ni mkato, 3,5, si nukta. Namba 7 ana mazoea ya kuikata kiunoni. Kwenye kugawanya kwa njia ndefu, kigawanyo hukiandika kulia kwa namba inayogawanywa na jibu chini yake, wakati mwalimu wa Uganda anakitazamia kushoto na jibu juu. Kazi sahihi kabisa inaweza kupigwa mkasi ukurasa mzima kwa sababu ya mpangilio tu. Akionyesha uwezo wa P6, somo la hesabu alisome na P6 na Kiingereza akisome mahali anapohitaji.

Wasichana ni kundi la pili. Hesabuni orodha yenu ya kwanza. Ikiwa kati ya majina 12 wavulana ni 9, msiseme ndivyo ilivyo. Rudini darasani na mtazame upya walio kimya, kwa sababu msichana hodari hujifunza mapema kutojionyesha. Fanyeni vivyo hivyo ikiwa nusu ya majina ni watoto wa walimu na wa wenye maduka.

Kundi la tatu ni mtoto mwenye kipawa na ugumu pamoja. Anaeleza kwa mdomo jambo la kina, lakini akiandika, herufi zinageuka na sentensi haifiki mwisho. Walimu humwita mvivu. Kabla ya lolote, mpimeni macho kwa chati ya herufi akiwa mita 6, jicho moja moja, na muone kama anasikia ukimwita kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Akishindwa, mpelekeni kituo cha afya. Akiwa mzima, mruhusuni ajibu chambo kwa mdomo. Walimu wa mahitaji maalumu waliosomea Chuo Kikuu cha Kyambogo wanaijua hali hii. Kama wilaya inaye, mwiteni aje amwone mtoto akifanya kazi.

Na vipimo vya akili? Kilicho maarufu kisichotegemea lugha ni matriksi za Raven, zilizotoka mwaka 1938: michoro 60 katika seti tano za 12, kila mmoja ukiwa na kipande kinachokosekana. Mkipata mtaalamu aliyefunzwa, ni msaada mzuri. Msichapishe michoro ya intanetini na kujipangia alama. Alama bila viwango vya watoto wa mazingira haya haisemi kitu, na mtoto aliyewahi kuiona michoro hiyo hupanda kwa mazoea. Kipimo kisitumike kamwe kumfukuza mtoto ambaye kazi yake imeonyesha uwezo. Mwanasaikolojia wa Marekani Lewis Terman alipowachagua watoto California kuanzia 1921 kwa kipimo cha akili, waliopimwa wakaachwa nje ni pamoja na William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hatua ya 5: Mpunguzieni anachokijua

Huduma ya kwanza ni kumrudishia mtoto muda wake. Ijumaa kabla ya mada mpya, lipe darasa zima maswali 10 ya mada hiyo, dakika 15. Atakayepata 8 au zaidi hahitaji mazoezi yote. Tazama alikokosea, mfundishe hapo tu pamoja na wenzake, na muda uliobaki ufanyiwe kazi nyingine. Hesabu yake ni hii: mada ya sehemu (kama 1/2 na 3/4) P5 ikichukua vipindi vitano ni dakika 200. Akihitaji vipindi viwili, mnamrudishia dakika 120 kwa wiki.

Alama zake kwenye rejista ziwe zile za maswali 10, zisiachwe wazi. Mwalimu akiacha wazi, mtoto anaonekana mtoro wa kazi, na mzazi atakuja kulalamika kwa haki.

Makosa mawili yanarudi kila mahali. La kwanza ni kumwongezea: wenzake wanafanya maswali 20, yeye apewe 40. Hiyo ni adhabu ya kujua, na mtoto mwerevu hujifunza kwa wiki moja kufanya polepole. La pili ni kumgeuza mwalimu msaidizi, afute ubao, asahihishe madaftari, awafundishe wazito. Kumsaidia jirani mara mojamoja ni vyema. Ikiwa ndiyo kazi yake kila siku, hajasoma kitu mwaka mzima.

Hatua ya 6: Mpeni kazi yenye kina

Kazi mbadala iwe ya mada ileile ili mwalimu asipange masomo mawili. Kwa sehemu, P5 au P6, kuna jambo zuri kutoka Misri ya kale, kwa watu waliokaa mwisho wa mto huuhuu unaotoka Jinja. Waliandika karibu sehemu zote kwa kujumlisha sehemu zenye 1 juu, bila kurudia iliyotumika. Kwao 3/4 ni 1/2 + 1/4, na 5/6 ni 1/2 + 1/3. Mpe mtoto 2/5. Atahangaika, na hilo ndilo tunalolitaka, hadi afike 1/3 + 1/15. Kisha 4/5, ambayo ni 1/2 + 1/4 + 1/20. Akizoea, muulize: je, kila sehemu iliyo chini ya 1 inawezekana? Kuna njia aliyoieleza Leonardo wa Pisa mwaka 1202: toa kila mara sehemu kubwa kuliko zote yenye 1 juu inayoingia, na ufanye hivyo tena kwa kinachobaki. Usimpe mapema. Watoto wengine huigundua wenyewe, na siku hiyo mwalimu ataikumbuka.

Kazi ziandikwe kwenye kadi za maboksi na zihifadhiwe kwenye mfuko ukutani. Kadi 10 kwa muhula zinatosha. Kila kadi iwe na swali, kifaa kinachohitajika, na namna mtoto atakavyoonyesha alichopata. Zungumza naye dakika 5 kila Ijumaa. Bila mazungumzo hayo kadi hufa. Mtoto wa miaka 11 hashikilii kazi ambayo hakuna mtu mzima anayeijali.

Na kadi ziwe wazi kwa yeyote atakayemaliza kazi ya darasa. Hivyo hakuna tabaka la wateule, na kila muhula atatokea mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha.

Klabu ya saa moja kwa wiki baada ya masomo huongeza wenza wa kufikiri pamoja. Chesi, omweso, uandishi, umeme wa betri, chochote ambacho mwalimu mmoja anakipenda kwa dhati. Phiona Mutesi hakuwa shuleni alipojifunza chesi kwa Robert Katende huko Katwe. Mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa cha mchezo huo. Aliyemwona alikuwa mkufunzi mwenye ubao na uji.

Hatua ya 7: Kumrusha darasa, kwa uangalifu

Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba mtoto aliyechaguliwa vizuri akirushwa darasa hufanya vizuri kimasomo, na kwa kawaida haumii kijamii kama watu wanavyohofia. Shida ni kuchagua vibaya. Anzeni na somo moja: mtoto wa P4 aende P6 kwa hesabu. Hili linawezekana tu kama hesabu ya P4 na ya P6 ziko saa ileile kwenye ratiba, kwa hiyo lipangwe kabla muhula haujaanza.

Kurusha darasa zima kuamuliwe na watu watano: mwalimu mkuu, mwalimu wa sasa, mwalimu atakayempokea, mzazi, na mtoto mwenyewe. Mtoto afanye kwanza mitihani ya mwisho wa mwaka ya darasa analorushwa na apate angalau alama za kati za darasa hilo katika kila somo. Orodhesheni mada alizokosa na mzifundishe likizoni wiki mbili au tatu. Kisha wiki sita za majaribio, kukiwa na ruhusa ya kurudi bila aibu. Mwalimu anayempokea akiwa hataki, msimpeleke.

Msimrushe kuingia P7. Mwaka huo ni wa PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mtoto akikosa P6 hupoteza mada zinazoulizwa. Isitoshe, PLE ina dari. Masomo manne hupewa gredi 1 hadi 9, bora kabisa ni jumla ya 4, na Divisheni ya Kwanza huishia 12. Mtoto ambaye angepata 4 bila jasho hatapata 3 kwa kuharakishwa.

Wazazi na kumbukumbu

Mwambieni mzazi alichofanya mtoto, kwa mfano wa daftari mkononi. Epukeni kutamka "mtoto wako ni jiniasi". Neno hilo likifika nyumbani, kuna watakaotazamia ufadhili wa masomo, na kuna ndugu watakaodharauliwa. Kama hakuna ufadhili, semeni siku hiyohiyo. Mwombeni mambo mawili tu: mtoto aje shule siku za soko, na apate nusu saa ya jioni isiyo na kazi. Mjulisheni pia kwamba shule nyingine huwafuata watoto hodari wa P6 na P7 ili kupandisha hesabu yao ya Divisheni ya Kwanza. Kabla ya kukubali aulize mtoto atafundishwa nini zaidi ya mitihani ya majaribio.

Kila mtoto awe na ukurasa mmoja kwenye daftari linalokaa ofisini: tarehe, chambo alichopewa, maneno yake mwenyewe, kazi alizofanya, kilichomshinda, kinachomvutia. Mwalimu akihamishwa Novemba, daftari libaki. Mtoto akihama, nakala ya ukurasa iende naye mkononi, imepigwa muhuri wa shule, ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili pia kama anavuka kwenda Kenya, Tanzania au kurudi Kongo. Mstari wa mwisho wa ukurasa uwe kazi ambayo hajaimaliza, ili mwalimu anayempokea ajue pa kumwanzishia.